Kwa Nini Pombe ya Igomboni Inaitwa Nankondo

Kisa hiki alinisimulia kikiwa kizima bibi yangu mzaa mama, Nakijwa, mwezi wa saba mwaka 1987, barazani kwake Igomboni katika milima ya Upare, tulipokuwa tukichambua kahawa iliyokauka. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya sekondari. Alikisimulia chote mara moja tu. Mara nyingine zote, kabla ya siku hiyo na baada yake, alisimulia nusu ya kwanza, na familia nzima ilisimulia nusu hiyohiyo. Nami niliisimulia. Sasa ninaandika nusu zote mbili kwa mpangilio alionipa, na pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Ninawaandikia vijana wetu, ambao huketi kilabuni na kuagiza nankondo pasipo kujua kwamba wanataja jina la mtu.

Zamani, pombe ya Igomboni haikuwa na jina la mtu. Iliitwa dengelua, kama inavyoitwa hadi leo katika vijiji vingine vya Upare, nayo ilikuwa pombe ya miwa. Wanawake walimenya miwa, wakaitwanga kwenye kinu, wakakamua maji yake na kuyatia chunguni pamoja na matunda ya mvungunya yaliyokaushwa ili yaumuke. Siku ya pili ilikuwa tamu na watoto waliweza kulamba. Siku ya nne ilikuwa ya wazee. Haikuuzwa. Ilipikwa kwa sababu: kuna posa, kuna tambiko, kuna watu wa kupatanishwa.

Kulikuwa na desturi moja ambayo haikuvunjwa na mtu yeyote. Aliyepika alikunywa kwanza. Alisimama mbele ya wageni, akachota kata moja, akanywa funda huku wote wakimwangalia, kisha akamkabidhi mgeni. Kwa kufanya hivyo alikuwa anasema kwamba kilichomo chunguni ni salama kwako kama kilivyo salama kwangu. Na mgeni, baada ya kuona mpikaji amekunywa, hakuwa na ruhusa ya kukataa. Katika upatanisho hasa, aliyetema pombe alikuwa ametema amani yenyewe, na ugomvi ulirudi pale ulipokuwa.

Mama yake Nakijwa aliitwa Nankondo. Alikuwa mjane. Mumewe alimwachia shamba la miwa karibu na mfereji na binti huyo mmoja. Kwa kupika dengelua hakuwa na wa kufanana naye. Alijua muwa wa kukata asubuhi na wa kukata jioni, na alinusa chungu akajua imebaki siku au imebaki saa. Pombe yake ilikuwa nyepesi machoni na nzito kifuani. Watu wakaanza kusema, "Harusi ile ilikuwa na ya Nankondo," wakimaanisha kwamba ilikuwa harusi yenye heshima. Baadaye wakaacha kusema "ya". Wakasema tu, "Kuna nankondo leo?" Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya neno hili: pombe nzuri, iliyopikwa na mtu unayemwamini.

Hapo ndipo familia yetu ilipokuwa ikiishia kusimulia. Kilichofuata tulikiacha.

Mwaka 1946, mwezi wa tisa, maji yalikuwa haba. Igomboni hunywesha mashamba kwa ndiva, yaani bwawa dogo linalojazwa usiku na kufunguliwa mchana, kila ukoo kwa zamu yake. Wazee wawili, Mashambo na Kangero, watoto wa dada wawili walioolewa katika koo mbili, walikuwa hawasemezani kwa mwaka wa nne kwa sababu ya zamu hizo. Watu wa Mashambo walisema watu wa Kangero hufungua ndiva kabla ya wakati. Watu wa Kangero walisema wenzao hulala sana. Vijana walikuwa wamefikia kushikana kwa majembe. Jambo liliuma zaidi kwa kuwa binti wa Kangero, Nambike, alikuwa ameolewa na mtoto wa Mashambo, na alikuwa na mtoto wa miezi mitano.

Mzee Chambua, mkuu wa baraza la wazee, aliwaita wote wawili wakakubali kupatana. Kisha akaenda kwa Nankondo.

Nankondo alikuwa na jambo lake. Tangu mwanzo wa mwaka huo alikuwa amejiandikisha katika darasa la ubatizo kwenye kanisa dogo lililokuwa limefika kwenye kilima cha pili. Kanisa hilo lilikataza kilevi, na kila aliyejiandikisha aliapa mbele ya mwalimu kwamba pombe haitapita tena kooni mwake. Nankondo aliapa. Ubatizo ulikuwa umebaki majuma matatu.

Bibi alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alikuwepo Mzee Chambua alipofika.

"Mama Nakijwa," mzee alisema, "nasikia sasa mnaimba."

"Tunaimba, mzee wangu."

"Imbeni. Lakini Jumatano nina watu wawili ambao hawatakunywa kwa mkono wa mwingine. Kila mmoja ana shemeji anayepika, na kila mmoja anamwogopa shemeji wa mwenzake. Wewe huna upande."

Nankondo akasema atapika. Bibi aliniambia kwamba usiku wala mchana mama yake hakutamka atafanyaje kuhusu kata ya kwanza. Alikata miwa kama kawaida.

Wageni walitazamiwa kuwa wengi, na chungu chake kikubwa kilikuwa kimepasuka ufa. Akaazima pipa la bati kwa shemeji yake, Kajiru, mdogo wa marehemu mumewe. Kajiru alikuwa na kahawa, na katika pipa hilo alikuwa akichanganya mrututu, ile dawa ya buluu ya kupulizia kahawa. Alilisugua kwa mchanga na majivu, akalisuuza mara tatu, akalileta. Nankondo akatia maji ya miwa humo, nayo yakakaa siku nne yakiumuka na kuchacha ndani ya bati. Siku yenyewe alihamisha pombe kwenye chungu cha kawaida, kikapelekwa uwanjani kwa Mzee Chambua. Masalia yalibaki ndani ya pipa nyumbani.

Mpikaji mwingine yeyote, siku hiyo, angetia kata mdomoni na angejua. Mrututu una shaba ndani yake, na shaba ina ladha yake. Ulimi wa Nankondo, uliojua tofauti ya muwa wa asubuhi na wa jioni, ungeijua kabla haijafika kooni.

Nankondo alisimama mbele ya watu. Akachota kata, akaiinua, akaloweka mdomo wa juu. Koo lake likacheza kama la mtu anayemeza. Akaishusha na kumpa Kangero. Bibi alikuwa amesimama ubavuni kwake akishika kitambaa cha kufunikia chungu, na kwa kuwa alikuwa mfupi, macho yake yalikuwa sawa na ukingo wa kata. Aliona pombe imeinuka imejaa na imeshuka imejaa. Hakusema. Alidhani mama yake ana ruhusa ambayo yeye haijui.

Kangero, aliyekuwa mdogo kwa umri, alinywa nusu na kumpa Mashambo amalizie, maana mkubwa ndiye hufunga. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka kidogo.

"Shika vizuri," Mashambo alimwambia. "Mkono huo unatetemeka kama wa mtu aliyeiba maji."

"Maji sikuiba, kaka. Niliwahi tu kuamka."

Watu wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne mmoja kumwita mwenzake kaka. Mashambo akanywa. Bibi alisema uso wake ulijikunja, na kwa muda mfupi pombe ilikaa mdomoni bila kwenda popote. Kisha akameza.

"Ya leo ina ukali," alisema.

"Ukali huo ni wa maneno yetu," Kangero akajibu. "Miaka minne yamekaa, leo yameingia chunguni."

Wakacheka tena. Kangero naye alikuwa ameisikia ladha ile. Alikiri baadaye. Lakini angetemaje, na Mashambo je? Kila mmoja alihisi mwenzake anamtazama. Kisha, kama desturi ya upatanisho ilivyotaka, Kangero akachukua kata na kuwagawia watu wote kwa mkono wake mwenyewe, kuonyesha unyenyekevu. Wengi waliishia kata moja. Mashambo, kwa furaha na kwa kutaka kuonyesha kwamba amesamehe, alikunywa tatu.

Kabla jua halijaelekea magharibi, watu kumi na mmoja walikuwa wakitapika. Kumi walipona. Mashambo alikufa siku ya tatu.

Sasa angalieni namna jambo lilivyogeuka, maana hapa ndipo aibu yetu ilipo. Watu walikaa matangani wakatafakari kwa utaratibu, na hakuna aliyetafakari kijinga. Walisema: pombe ilikuwa nzima Nankondo alipoinywa, kwa kuwa Nankondo alikunywa mbele yetu na yu mzima, hata kichwa hakimuumi. Basi sumu iliingia baada yake. Na baada yake, mkono wa nani ulizama chunguni? Mkono wa Kangero. Wengine walikumbuka ule mtetemeko. Kangero mwenyewe alikuwa ametapika siku mbili, lakini walisema amejitapisha. Uzima wa Nankondo ukawa ushahidi dhidi ya mtu asiye na kosa.

Siku ya nne, kesho yake baada ya mazishi, Nankondo alikwenda kuosha pipa. Alipoliinamisha, aliona kwenye mshono wa chini, pale bati lilipokunjwa, mstari wa kijani-buluu uliokuwa umelika. Alikwangua kwa ukucha ukatoka unga. Akaacha kuliosha, na masalia yakabaki humo. Akamwita Kajiru.

Kajiru alitazama, akakaa chini.

"Nililiosha," alisema.

"Najua uliliosha."

"Lakini wewe ulikunywa, shemeji. Mbona hukuumwa?"

Nankondo akainama tena juu ya pipa. Kajiru hakuwa mjinga, akaelewa. Bibi alikuwa upande wa pili wa ukuta wa jikoni akisikia yote, na maneno yaliyofuata alinirudia mara mbili ili niyashike.

"Aliyekufa amekufa," Kajiru alisema. "Ukisema, tumekwisha wewe na mimi, na mtoto huyu. Ukinyamaza, amekwisha Kangero. Na Kangero kweli alikuwa anaiba maji."

Nankondo alinyamaza. Alinyamaza siku kumi. Bibi alizihesabu, nami nimezihesabu upya kutoka tarehe ya mazishi, ambayo imeandikwa. Ni siku kumi kamili.

Katika siku hizo vijana wa Mashambo waliziba mfereji wa watu wa Kangero, na migomba yao ikaanza kukunja majani. Wazee wakaweka siku ya kuvunja chungu. Kwa wasiojua: mtu akithibitika kumuua ndugu yake kwa siri, chungu huvunjwa mbele ya ndiva kwa jina lake, na kuanzia hapo nyumba yake haina zamu ya maji wala haichangiwi msiba. Hakuna anayewafukuza, ila hawana tena namna ya kukaa. Walio wa nyumba ya Kangero walikuwa watu ishirini na watatu.

Siku ya tisa ya ukimya huo, Nankondo na binti yake walikuwa wakipalilia miwa kando ya njia. Nambike akapita. Alikuwa amebeba mtoto mgongoni na furushi kichwani, anarudishwa kwao kwa kuwa ni damu ya mwuaji. Alisimama kuwaamkia, maana alikuwa na adabu. Nankondo aliitikia bila kuinua uso. Nambike alipokwisha kupita, Nakijwa alisema:

"Mama, siku ile pombe haikupungua kwenye kata."

Nankondo alimpiga kofi. Bibi alinionyesha shavu lenyewe, la kushoto. Kisha mama yake akaketi kwenye tuta akaendelea kung'oa majani, akang'oa na miwa michanga pamoja na majani, mpaka tuta zima likawa tupu.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya chungu. Watu wote walisimama kwenye kingo za ndiva. Kangero alikuwa amekaa chini peke yake, na mke wake mkubwa alikuwa nyuma yake akiwa amejifunika. Mzee Chambua alishika chungu kipya kisichowahi kupikiwa. Nankondo akapita katikati ya watu na kibuyu mkononi. Alikuwa amekijaza kwa masalia ya pombe iliyobaki ndani ya pipa.

"Kangero hakutia kitu," alisema. "Pombe iliharibika nyumbani kwangu, kwenye pipa la mrututu. Sikuijua kwa sababu sikuinywa. Niliapa kanisani nisinywe, na niliona haya kuwaambia. Nikachezesha koo."

Hawakumsadiki. Walikuwa wamemwona kwa macho yao akinywa, na kumsadiki sasa kulimaanisha kwamba macho yao mia moja yalidanganyika. Mzee Chambua alisema naye kwa upole.

"Mama Nakijwa, huruma ni kitu kizuri. Usiitumie kufukia maiti."

Mwingine akasema kwa sauti, "Kesho atatuambia hata kupika hakupika."

Wapo waliocheka. Nankondo akafungua kibuyu, akamimina kwenye kata hadi ukingoni, na safari hii akainywa yote. Alipomaliza akaifudikiza juu ya mchanga mbele ya Mzee Chambua, na haikudondoka hata tone. Kisha akakaa chini palepale.

Hakuna aliyeondoka. Masalia yale yalikuwa yamekaa ndani ya bati wiki mbili zaidi, na nguvu yake ilikuwa zaidi ya ile aliyokunywa Mashambo. Kivuli cha watu kilikuwa hakijasogea hatua moja alipoanza kutapika, na matapishi yalikuwa ya kijani. Watu wa karibu waliyaona na kuwaambia wa nyuma. Mzee Chambua akakiweka chungu chini, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine.

Aliyekimbia kuleta maziwa alikuwa mke mkubwa wa Kangero. Kangero hakuinuka. Mtoto wa Mashambo, mume wa Nambike, alisogea akasimama juu ya Nankondo aliyekuwa amelala ubavu.

"Uliogopa tone moja, mama," alimwambia. "Baba yangu akanywa kata tatu."

Bibi alisema hakukuwa na neno lingine lililosemwa siku ile ambalo mama yake alilirudia baadaye. Hilo alilirudia, hata akiwa anapepeta mahindi, hata usingizini.

Nankondo alipona, ingawa tumbo lake halikurudi kuwa lile. Mwalimu wa kanisa alipopata habari alilifuta jina lake katika daftari la waliojiandikisha kubatizwa, kwa kuwa alikuwa amekunywa pombe mbele ya watu. Mwaka uliofuata alimwita arudi, hakurudi. Kajiru alihamia tambarare na kahawa yake ikaliwa na magugu. Zamu za maji zilirudishwa. Nambike alirudi kwa mumewe baada ya miezi minne, na ndani ya nyumba ile, kwa maisha yao yote, yeye hakupika pombe na mume hakuomba.

Nankondo mwenyewe hakupika tena. Lakini Igomboni haikuacha kunywa. Miezi kadhaa baadaye kulikuwa na posa, na mama mmoja alileta chungu. Aliposhika kata ya kwanza, mzee mmoja miongoni mwa wageni alimuuliza, bila kutabasamu, "Hii ni nankondo?" Mama yule alielewa anachoulizwa. Hakuonja. Alikunywa kata nzima hadi chini, kisha akaifudikiza mbele ya wageni ili waone haikubaki kitu. Na mgeni naye, kwa mara ya kwanza, aliambiwa kwamba akisikia ladha asiyoijua ana haki ya kutema, na amani haitavunjika.

Hiyo ikawa maana ya pili ya neno. Ilikuwa swali, na ilikuwa tusi pia. Mtu aliyekuahidi jambo asiloliamini mwenyewe, ulisema amekunywesha nankondo. Mchumba aliyeposa huku ana mwingine, mjumbe aliyewahimiza watu kwenye kazi ambayo yeye haendi, wote waliambiwa hivyo. Bibi alikua akisikia jina la mama yake likitupwa njiani namna hiyo. Alipokuwa msichana alipigana na wenzake. Alipokuwa mama aliacha kupigana.

Miaka ikaenda, na waliokumbuka wakapungua. Swali lile liliulizwa mbele ya kila chungu, siku zote neno na chungu vikiwa pamoja, hata watoto waliokuwa wakitazama wakadhani hilo ndilo jina la kilichomo ndani. Wakakua wakakiita hivyo. Wachuuzi waliopanda kutoka tambarare wakalichukua na kukiita hivyo kila kilichotoka mlimani, cha miwa, cha ndizi, cha ulezi. Siku hizi nimesikia vijana wakiita nankondo hata kilicho katika chupa yenye lebo, kilichotengenezwa na mashine ambayo haina koo. Na dengelua, jina lenyewe la asili, kwetu limebaki kwa wazee wachache.

Kwa desturi yetu binti wa pili hupewa jina la mama wa mama yake. Binti wa pili wa Nakijwa, mama yangu mdogo, alistahili kuitwa Nankondo. Alizaliwa mwaka 1956, Nankondo akiwa hai bado, na ndiye aliyekataa. Alimwambia binti yake, "Mtoto huyu atakwenda kisimani, na kila atakayemwita atakuwa anamuuliza." Mtoto akapewa jina la shangazi wa baba yake, Nanzia. Tangu hapo hakuna msichana wa ukoo wetu aliyepewa jina hilo, na jina likabaki na pombe peke yake.

Ninalo la kwangu la kukiri, nalo ni dogo, lakini lipo. Mwaka 1998 mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa akikusanya maneno ya kijijini kwetu pamoja na asili zake, ili wanafunzi wayaandike. Alinijia kwa kuwa nilijulikana kuwa ninatunza habari za ukoo. Aliniuliza nankondo ni nini. Nilimwambia kwamba ni jina la mama wa bibi yangu, aliyekuwa mpikaji hodari kuliko wote, na watu wakamuenzi kwa kuipa pombe jina lake. Akaandika. Watoto wakaandika. Bibi alikuwa hai wakati huo, nyumba ya pili kutoka hapo, na jioni alipopata habari hakunilaumu. Aliniambia tu, "Na wewe umechezesha koo." Nilikuwa na miaka ishirini na mitano.

Ndiyo maana basi, tangu siku ile ya ndiva hadi leo, pombe ya Igomboni ina jina la mwanamke, na anayeileta huinywa kata nzima na kuifudikiza kabla ya kumpa mgeni. Na ndiyo maana mgeni wa kwetu anaruhusiwa kutema. Mkiona inafanyika msidhani ni madaha.

Nankondo alikufa mwaka 1957. Kangero alimtangulia kwa mwaka mmoja, na alikuwa amekwisha kumsemesha, ingawa sina hakika kama alimsamehe. Mzee Chambua alikufa kabla ya Uhuru. Kajiru alifia tambarare, mwaka hatuujui. Mume wa Nambike alikufa mwaka 1979, na Nambike mwaka 1991. Bibi yangu Nakijwa alikufa mwezi wa pili mwaka 2004. Katika wote waliokuwepo siku ya upatanisho au siku ya chungu, ninamjua mmoja tu aliye hai: yule mtoto aliyebebwa mgongoni, anayeitwa Sefue, mwenye umri wa miaka sabini na minane sasa. Anaishi Igomboni, juu ya mfereji. Nilimpelekea maandishi haya kabla ya kuyatoa. Aliyasoma yote, akaniambia nirekebishe jambo moja, alilolisikia kwa mama yake mwenyewe: kwamba siku ile ya kurudishwa kwao hakubeba furushi kichwani, alilibeba mkononi, kwa kuwa alikuwa analia na alihitaji kuinama. Nimeacha kama bibi alivyosimulia, na hapa nimeandika kama alivyosema yeye.